Shimo la Pili la Ludwina

Kijijini kwetu, theluji mpya ikianguka, hakuna apandaye mlimani mpaka Ludwina aseme. Huchimba shimo mteremkoni, akaacha nguzo ya theluji imesimama peke yake, akailaza sepetu juu na kuigonga: kwanza kwa vidole, kisha kwa ngumi. Nguzo ikikatika mapema, mlima unafungwa. Mimi ni jirani yake, nami hupanda naye kwa kuwa mpimaji haendi peke yake.

Asubuhi hiyo alipanda na kijiba cha roho. Mumewe, Gebhard, huongoza wageni, na msimu huu anaongoza pamoja na Fanni, binti wa mwenye hoteli, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Walitaka kuwapeleka wageni kwenye kibanda cha wachungaji, wapumzike huko.

"Wapumzike," Ludwina alisema akichimba. "Mimi alinipeleka kibandani lini?"

"Chimba, dada. Wivu haupimi theluji."

"Nani ana wivu? Nauliza tu."

Aligonga kwa vidole, akagonga kwa ngumi. Nguzo haikutikisika. Nilikwisha kukunja vitu vyangu, nikiwaza kahawa, alipoielekeza darubini hotelini.

"Ona Fanni anavyomfunga skafu. Mzee mzima hajui kujifunga skafu?" Akaniachia darubini. "Nachimba jingine. Kule kivulini."

"La nini? Unatafuta sababu wewe."

"Natafuta. Mtafuta cha mvunguni sharti ainame."

Desturi yetu, ya kivivu kusema kweli, ni kuchimba karibu na njia, na pale upepo huwa umeishindilia theluji ikawa ngumu. Kivulini upepo huimwaga tu. Ludwina alichimba mpaka kifuani, na chini ya theluji mpya tukakuta tabaka la chembe zisizoshikana, kama sukari. Hakufika kwenye ngumi. Kwa vidole tu nguzo ilikatika, ikateleza yote miguuni mwake. Furaha ilimjia usoni kabla ya hofu, niliiona.

Akashika redio. "Mlima umefungwa."

"Ludwina," Gebhard akajibu, "ni theluji hiyo, au ni wewe?"

"Ni theluji."

"Fanni anasema una lako jambo."

"Mwambie apande basi. Tutamwokota ikiyeyuka."

Kabla ya adhuhuri mteremko uliporomoka wenyewe, ukaondoka na kibanda chote. Kijiji kizima kilisimama barabarani kikitazama vumbi jeupe. Fanni alikuja analia, akambusu Ludwina mashavu yote mawili, na watu wakamsifu kwa uangalifu wake. Alizipokea sifa akiwa ameuma midomo.

Lakini mlima uliofungwa hauna kazi kwa waongozaji. Tangu siku ile Gebhard na Fanni wanashinda hotelini kando ya jiko la kuni, wanacheza karata, goti kwa goti, na kicheko kinatufikia huku juu tukiwa shimoni.

"Si wako hai?" nilimwambia jana.

"Wako hai sana," alisema.

Leo alichimba kulekule kivulini. Alilaza sepetu juu ya nguzo kwa adabu, akaigonga kwa kidole kimoja, taratibu, kama abembelezaye mtoto mchanga alale. Nguzo ikakatika. Nikampa redio.