Pango la Mifuko ya Saruji

Ubaldina Rangel hakujua kutupa kitu. Mfuko wa saruji ukiishiwa, aliukung'uta nje ya mlango, akaukunja na kuulaza chini ya godoro mpaka karatasi yake ilainike. Kopo la samaki alilisugua kwa majivu. Ile karatasi ya fedha inayofunika vidonge vya presha aliinyoosha kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Watu wa Mucurandá, kijiji cha nyumba kumi na tisa ubavuni mwa milima ya Mérida, walijua kwamba ukipita mbele ya mlango wake na takataka mkononi, hufiki nazo korongoni.

"Hiyo trei ya mayai unaipeleka wapi?"

"Kuitupa, doña Ubaldina."

"Ilete hapa. Hilo ni shamba la vitunguu saumu, wewe unaliita takataka."

Desemba ikifika, alisogeza kitanda na kabati, akaanza kujenga pango la Noeli kwenye kona ya sebule. Mifuko ya saruji aliilowesha kwenye uji wa ngano uliotiwa siki kidogo, akaifinyanga juu ya masanduku, akaipaka rangi ya majani ya chai na masizi, na ikikauka, pale pana mlima. Kwa soksi kuukuu za sufu alitengeneza frailejón, ule mmea wa baridi wenye majani ya manyoya, mmoja mmoja, mamia. Kipande cha kioo kilichovunjika kilikuwa ziwa. Na katikati ya mlima huo hakujenga Bethlehemu. Alijenga Mucurandá.

Alikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliirithi kwa mama yake: kila nyumba ya pangoni lazima itengenezwe kwa kitu kilichotoka ndani ya nyumba yenyewe. Nyumba ya Belarmino, kompadre wake wa ubatizo, mpiga fidla, ilikuwa ya boksi la nyuzi za fidla. Duka la Clodomira lilikuwa la kopo la biskuti, na paa lake la vizibo vya chupa. Kwa hiyo tangu Januari mpaka Novemba mwanamke huyu alipita mlango kwa mlango akiomba vitu vilivyochakaa, na kwa kuomba hivyo akajua nani kaanza kunywa dawa, nani kanunua viatu, nani siku hizi anakula mkate bila siagi. Padri hakujua nusu ya aliyojua Ubaldina, na Ubaldina hakumwambia mtu.

Watu walimtania. Kuku wake, aliyetengenezwa kwa kifuniko cha sufuria, alikuwa mkubwa kuliko kanisa.

"Kuku huyu akidonoa mnara, misa tutaisali wapi?" Clodomira alikuwa akisema kila mwaka.

"Kwako dukani. Wewe si unapenda kuhubiri?"

Hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Tangu utoto alivuna vitunguu saumu kwa watu, akaolewa, akazaa wanne, akafiwa na mume yeye angali kijana. Mikono iliyofanya kazi hiyo yote ilikuwa mipana na yenye nyufa, na mikono hiyohiyo ilikata madirisha ya ukubwa wa punje ya mchele. Ukitaka kujua ufundi ni nini, usiende kwenye hizo shule wanazofundisha kwa picha. Ungekwenda kumtazama Ubaldina akibandika mlango.

Siku hizi pango linauzwa limefungwa kwenye boksi, plastiki tupu, na taa zinazokonyeza kama mlevi. Wengi Mucurandá walianza kununua hayo. Halafu hata wanunuzi wenyewe wakaanza kuondoka: Bogotá, Lima, Santiago. Katika nyumba kumi na tisa, kumi na moja zilifungwa kwa kufuli. Fidla ya Belarmino ilining'inia ukutani na upinde usio na manyoya. Nyimbo ambazo zamani kila mtoto alizijua, sasa watu walizirekodi kwenye simu, wakaacha kuziimba. Pangoni mwa Ubaldina tu ndimo zilimobaki zikiwaka taa za nyumba zote kumi na tisa. Wanawe nao walikuwa mbali, na binti mkubwa alimpigia kila Jumapili kutoka Bucaramanga: "Mama, njoo huku. Unamngoja nani huko?"

"Namngoja Mtoto asimame," alijibu.

Mtoto alikuwa wa mti, urefu wa shubiri moja, mwenye mashavu yaliyofifia kwa mabusu. Kwa watu wa milima ile, Mtoto Yesu hulazwa horini mkesha wa Noeli, lakini haachwi hapo. Kabla Candelaria, sikukuu ya mishumaa ya tarehe mbili Februari, haijapita, majirani hukusanyika, watu wanne hushika pembe nne za kitambaa cha hariri, Mtoto akawekwa katikati, akazungushwa kwa mishumaa, fidla na nyimbo, kisha akasimamishwa kwa miguu yake. Mwenye nyumba akichelewa, majirani wana ruhusa ya kumwibia Mtoto. Humchukua kwa siri, wakaacha kijiti cha rozimari mahali pake, na mwenye nyumba analazimika kupita nyumba hadi nyumba akiimba na kubisha hodi mpaka ampate. Mwizi akigundulika, ndiye analeta keki na mvinyo. Na mama yake Ubaldina alimwachia neno moja: nyumba ambayo Mtoto amepitisha Candelaria akiwa hajasimama, haijengi pango tena. Ubaldina aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba baridi kali huunguza viazi.

Tarehe ishirini na nane Januari alirudi kutoka shambani akakuta komeo la mlango limevunjwa na hori tupu. Alitafuta rozimari. Aliinua majani ya hori moja moja, akatazama chini ya ng'ombe, chini ya kuku, nyuma ya mlima. Hapakuwa na rozimari. Jirani hangevunja komeo, maana kila jirani alijua kwamba linafunguka kwa kusukuma kwa goti.

Wiki mbili kabla, mtu wa gari jeupe alikuwa amepita akinunua vitu vya kale: pasi za mkaa, mawe ya kusagia, watakatifu wa mti. Alimtaka Mtoto, akataja dola. Ubaldina alimwambia labda amuuzie kuku.

Alikaa kwenye kiti mbele ya pango lake muda mrefu. Alifikiri hivi: nikisema wezi wameniingilia, watanionea huruma, watanipa supu, watarudi kwao na kufunga milango, na Candelaria itapita. Nikisema nimeibiwa Mtoto kama wanavyoibiwa watu tangu zamani, angalau watalazimika kufungua milango. Hatapatikana, lakini atakuwa ametafutwa kwa nyimbo. Pengine hilo lingetosha. Alinawa uso, akavuka barabara mpaka dukani.

"Clodomira, wameniibia Mtoto."

Clodomira alikuwa akipima sukari. Gari jeupe lilikuwa limeonekana asubuhi ileile likishuka kasi, na habari ilishafika dukani. Aliinua uso, akamtazama mwenzake, akamwona anatabasamu.

"Wamekuibia," alisema polepole.

"Nilichelewa mwenyewe. Tarehe moja alasiri nitapita kumtafuta. Mwambieni mwizi aoke keki, na asiibane sukari kama wewe."

Kutoka hapo alikwenda kwa Belarmino.

"Komadre, vidole vyangu vimekuwa mizizi," mzee alisema.

"Basi piga kwa mizizi."

"Na wewe unajua, na mimi najua, kwamba yule mtu wa gari..."

"Mimi najua tarehe mbili ni Jumanne. Jingine sijui."

Belarmino alitazama fidla ukutani. "Upinde hauna manyoya."

"Farasi wa jirani yetu Nerio ana mkia," alisema Ubaldina, akaondoka.

Tarehe moja alasiri, ukungu ukianza kuteremka, walitoka wawili: yeye na mshumaa uliofunikwa kwa kopo lililotobolewa, Belarmino na fidla yenye upinde wa manyoya mapya ya kahawia. Walianza na nyumba zilizofungwa. Ubaldina alisimama mbele ya kila kufuli, akaimba ubeti wa kuomba Mtoto, akabisha mara tatu, akangoja kiasi ambacho mtu angehitaji kutoka jikoni, kisha akapita. Belarmino alikosea noti nyingi. Ubaldina hakugeuka hata mara moja kumtazama.

Nyumba ya kwanza yenye watu ilikuwa ya Nerio, dereva wa lori la viazi, mtu mkubwa asiyejua kunong'ona. Waliimba mlangoni. Nerio alifungua akiwa amevaa shati la misa, masikio mekundu.

"Ingia utafute, doña. Mimi sijui kitu." Akaangalia rundo la magunia, akaangalia pembeni, akaliangalia tena rundo.

Ubaldina alikwenda kwenye magunia kwa sababu desturi ilimtaka aende. Aliinua la juu, na chini yake, juu ya leso, alimkuta Mtoto. Alikuwa wa mwiko wa mti, amevikwa maganda ya mahindi, macho mawili ya kalamu, moja juu kuliko lingine.

Belarmino akashusha upinde.

"Mwizi ni mimi," Nerio alisema kwa sauti ya kutosha bonde zima. "Nilimchukua ile... ile siku. Nisamehe."

"Nani kasema amepatikana?" Ilikuwa sauti ya Clodomira, aliyekuwa akija barabarani mbiombio, sahani mkononi, kitambaa juu yake. "Mtoto yuko kwangu. Nimekaa nasubiri mlangoni mpaka miguu imekufa ganzi, kumbe mmeishia kwa huyu."

"Doña Clodomira, acha kujisingizia," alisema Nerio. "Mwizi ni mimi."

"Wewe utaiba nini na mwili huo? Ungeangusha mlima mzima." Alifunua sahani. Mtoto wake alikuwa wa nta, masalia ya mishumaa yaliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye sahani ya sabuni, mgongo bapa kabisa, nywele za ufagio.

Walikuwa bado wanabishana nani mwizi halisi, kila mmoja akitoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, ndipo Yulitza akatokea. Huyu alikuwa binti wa nyumba ya juu, aliyerudi kutoka Lima mwezi wa kumi na mtoto mchanga mgongoni na maneno machache. Alisimama mbali kidogo, akavuta kitu kutoka chini ya vazi lake la poncho.

"Na mimi nilimwiba," alisema.

Wa kwake alikuwa wa soksi ya mwanawe, iliyojazwa pamba, uso wa unga uliookwa, na taji la karatasi ya dawa ya meno, limekatwa kwa miale midogo iliyolingana kabisa.

Ubaldina aliwatazama watu watatu, wamesimama ukunguni na vitoto vyao kama wanafunzi waliosubiri kukaguliwa. Akaelewa kwamba wote walijua habari ya gari jeupe tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu aliyeonana na mwenzake. Kila mmoja alijifungia kwake na mkasi, akiona aibu peke yake. Kwa hiyo akafanya kile alichojua kufanya, akaanza kukagua kazi.

"Macho haya umeyachora lorini?" alimwuliza Nerio. Alimgeuza wa nta. "Huyu kanyooka mgongo kama ubao, lakini mikono ni mizuri. Nani kakufundisha mikono?"

"Nilikuwa nakutazama," Clodomira alisema. "Miaka yote hiyo ulidhani nilikuwa nacheka kuku tu?"

Alimchukua wa soksi mwisho. Alipitisha kidole kwenye taji, mwale baada ya mwale. "Gundi gani?"

"Uji wa ngano."

"Umetia siki?"

"Sikujua."

"Panya watamla kabla ya Pasaka." Kisha akamgeuza juu chini. "Yulitza, mwanangu. Huyu hana miguu."

Yulitza aliangalia soksi yake, na uso ukamshuka. "Nilisahau kwamba anasimama. Nilimkumbuka amelala tu."

"Miaka mingapi umekaa huko?"

"Sita."

Walikwenda nyumbani kwa Ubaldina wote, na wengine waliosikia fidla wakawafuata, mpaka sebule ikajaa. Watu wanne walishika pembe za kitambaa, Watoto watatu wakalala katikati, wakazungushwa nyumba nzima mara tatu. Ubeti wa pili watu waliukumbuka nusu, wa tatu Ubaldina aliuimba peke yake, wengine wakaungana naye kila walipofika kwenye kiitikio. Wa mwiko alisimamishwa, akasimama. Wa nta alisimamishwa, akaegemea ng'ombe. Wa soksi akakunjamana, akaanguka kifudifudi horini.

"Rudia ubeti," Ubaldina alimwambia Belarmino. "Rudia mpaka nikwambie."

Alichukua mkasi, akakata ukanda kwenye kopo la maziwa, akaukunja pembetatu uwe kitako, akatoboa tundu mbili kwa msumari. Belarmino alipiga ubeti uleule mara ya tano, ya sita. Hakuna aliyeketi.

"Yulitza, shika hapa. Siyo kwa nguvu. Sasa pitisha uzi."

Yulitza alipitisha uzi, mwanawe akimvuta nywele kutoka mgongoni. Walifunga pamoja, vichwa vikigusana. Ubaldina akaondoa mkono kwanza, halafu Yulitza. Yule wa soksi alisimama, ameinama kidogo mbele, kama mtu anayepanda mlima.

"Ataanguka," Clodomira alinong'ona.

"Hataanguka. Kateni keki." Ubaldina alibaki amechuchumaa, akimtazama Mtoto yule, jicho moja amelifumba. "Yulitza, Novemba uje mapema," alisema. "Huyu tutamfanyia miguu ya kwake."