Pale Mama Alikuwa Ananyamaza

Kuna siku moja naikumbuka kila mara unainuka na kutoka inje, mwanangu Kahindo. Sisi tunaanza kufanya alama ya musalaba, wewe unavuta kitenge yako ku mabega na kwenda kuikala ku baraza. Tangu tumuzike baba yako, hauyasema Baba Yetu pamoja na sisi hata mara moja. Badogo yako banakuangalia wewe, halafu banageuka kuniangalia mimi mukaka yao, mama ya baba yenu, kama vile niko na kitu ya kubaambia. Sina. Nimechoka, magoti inaniuma, hii milima ya Butembo ya kutoka soko imenimaliza. Lakini ikala kwanza hapa, tumenye hii biazi pamoja, nikuelezee.

Nilikuwa na miaka kama yako, ao pungufu kidogo. Tulikuwa tunaikala Masereka, kule juu kwenye baridi. Baba yangu alikufa na homa. Kilio ilikuwa haiyaisha vizuri, mudogo yake akakuya. Sisi tulimuita baba mudogo. Akamuambia mama kama shamba ni ya familia, na yeye mama haiko wa familia, aliolewa tu. Akamuachia nyumba na kabustani kadogo nyuma ya jiko. Bazee bakaikala, bakakunywa kasiksi, pombe ya ndizi ya baba mudogo, bakasema ni sawa. Mama akaanza kulima mashamba ya batu bengine ili tukule.

Na ule baba mudogo alikuwa mukristu, tena wa benchi ya mbele. Ile shirika yetu, makutano ya majirani ya kusoma Injili na kuomba kila juma, hakuikosa. Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, siwezi kusema uongo.

Mama alikuwa anatuombesha kila mangaribi mbele ya chakula. Biblia ilikuwa ya baba, ganda yake imetoka, mama aliifunga na kipande ya kitenge. Anasoma mistari kidogo, polepole, sababu masomo yake haikufika mbali, halafu anaanza Baba Yetu. Anapofika pa "utusamehe makosa yetu," anasema. Lakini ile inayofuata, ya kusamehe waliotukosea, hapana. Anafunga kinywa. Na sisi batoto tunanyamaza naye, unasikia tu maharagi inatokota. Kisha anapumua, anaendelea na vishawishi mpaka Amina. Dimanche, siku ya Misa, batu bakienda kupokea komunyo, yeye anabaki ku benchi.

Mimi ile mambo ilikuwa inanipatia haya. Nilikuwa nimepata kipaimara ile mwaka, nilifahamu katekisimu yote kwa kichwa, nilijiona niko jirani ya malaika. Benzangu ku masomo balikuwa bananiuliza mama yako haendi kupokea sababu ya zambi gani. Nilikuwa ninarudi nyumbani na kasirani.

Basi, ile siku ilikuwa zamu yetu kupokea shirika. Mvua ikaanza, ile mvua ya Masereka haina haraka, batu bakakuwa kidogo sana. Bamama bawili majirani, mwalimu wa katekisimu, na baba mudogo na koti yake ya mvua, basi. Mwalimu alikuwa muzee mwembamba, mutu wa kukohoa na kuchekesha batu. Alisema leo mvua imetuchagulia batakatifu. Siku zingine sauti ya batu bengi ilimufunika mama, hakuna aliyejua kama kuna fasi anaruka. Lakini ile siku tulikuwa kidogo, na desturi ni mwenye nyumba njo anaongoza Baba Yetu.

Mama akaongoza. Akafika pale, akanyamaza. Na bote, kwa vile balikuwa banafuata sauti yake, bakanyamaza naye. Nikaona bale bamama banaangalia chini. Nikaona baba mudogo anajikuna shingo. Haya ikanipanda mpaka ku masikio. Basi nikasema mimi, na sauti kubwa, kama mutoto anayejibu mwalimu darasani: kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea.

Mama akainuka, akaenda ku jiko. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Mimi nikangojea mwalimu anisifu. Alikohoa kwanza, halafu akaniuliza polepole sana, "Nani amekutuma?"

Niliangalia mulango wa jiko.

"Ile neno ni ya mama yako," akasema. "Anaibeba mbele ya Mungu kila siku, na ni nzito. Siku ataweza, ataisema. Wewe umemunyanganya mu mukono. Mutu anayenyamaza mbele ya Mungu sababu hapendi kumudanganya, ule anaomba, mutoto. Anaomba kupita sisi bote humu ndani."

Akanituma nimuite mama. Nilimukuta anapuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu. Nikapiga magoti, nikaomba masamaha. Akaniambia nipanguse kwanza kamasi. Tukarudi. Mwalimu akaanza Baba Yetu upya, yeye mwenyewe, na alipofika pale, naye akanyamaza. Sisi bote tukanyamaza, mvua inapiga mabati, na ule alikuwa anapumua kwa nguvu kupita bote ni baba mudogo.

Najua unangojea nikuambie kama alirudisha shamba. Hapana. Mpaka leo bajukuu bake njo banalima pale. Ukitaka habari tamu, fungua redio.

Lakini miaka ikapita, akazeeka, ugonjwa ukamulaza, na batoto bake balikuwa bamehamia Kanyabayonga mu biashara. Mama akaanza kumupelekea uji. Ee, nilimukasirikia mama! Siku moja ule muzee akamusihi amuombee. Nilikuwa pale, nimekamata kikombe. Mama akaanza Baba Yetu, na alipokaribia ile fasi, mimi nikajifunga kinywa vile nilifundishwa. Na yeye akasema. Sauti ilimukatikia katikati, akaishika tena, akamaliza. Muzee akageukia ukuta, akalia.

Ku njia nikamuuliza mama kama sasa anamupenda.

"Kumupenda?" akasema. "Hapana, mwana. Nimechoka kuibeba. Kila siku nilikuwa ninamuambia Mungu kama siwezi. Leo nimefika pale, nimeona ninaweza." Dimanche iliyofuata akaenda kupokea.

Ninakuelezea hii sababu najua kitu unafikiri kule ku baraza. Unafikiri batu ba silaha bameua baba yako, mutoto wa mukaka mwenyewe, mu shamba ya kakao kule Mutwanga, kaburi haiyaota hata majani, na mukaka kila mangaribi anabasamehe bale batu kama mutu anasalimia jirani. Unaona ni unafiki, njo unatoka. Mwanangu, unatoka mapema sana. Haujaikala mpaka pale. Ni badogo yako njo banasema ile neno, sauti yao inanifunika. Mimi ninafunga kinywa. Tangu tumuzike baba yako siyaisema hata mara moja. Na dimanche unaponiona nimebaki ku benchi, wewe unafikiri ni magoti.

Basi shika hii. Usingojee roho ipone njo ufungue Biblia. Soma na kidonda yako, soma hata na kasirani, mistari kidogo inatosha. Kile unaweza kumuambia Mungu, muambie. Kile hauwezi, muonyeshe kama hauwezi, kila siku, bila kumudanganya na bila kumukimbia. Na mutu mwingine akinyamaza, usimusemee. Mimi sijui kama nitaisema ile neno kabla sijakufa. Mama ilimuchukua miaka mingi, na mimi sina tena miaka mingi. Lakini ninataka kifo inikute nimeikala pale, ninajaribu.

Biazi imeisha, weka sufuria ku moto. Leo uikale pembeni yangu. Tukifika pale, tutanyamaza bawili. Mungu wa mama yangu akulinde, mwanangu. Akuponyeshe polepole, vile anaona mwenyewe. Akupe kuzeeka kunipita, na siku ile neno itatoka mu kinywa yako, isikukute peke yako. Amina. Sasa ita badogo yako, tuombe.