Jumapili za Kunyamazia Bomba

Enzi zetu pale Shinyanga, kabla maji ya ziwa hayajafika mjini, mtoto wa nyumbani kwetu alijifunza kunyamaza kwa ajili ya bomba kabla hajajifunza kunyamaza kanisani. Wenzangu wa rika langu mnayakumbuka yale maji. Yalitoka kwa zamu, siku hii mtaa wa juu, siku nyingine mtaa wa chini, na yalipotoka yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa akiyaacha yatulie kwenye pipa hadi matope yakae chini, kisha anachota ya juu polepole kwa kopo, na ole wako upite karibu ukiligonga lile pipa. Shuleni tulikwenda na kidumu mkono mmoja na fagio mkono mwingine, na maji ya kidumu yakipungua njiani ulikuwa na maelezo ya kutoa mstarini.

Baba yangu, Mzee Masanja, alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Huko mashine ziliunguruma kutwa nzima, na labda ndiyo sababu alizipenda sana sauti ndogo. Jumapili tukitoka ibadani, kabla ya chakula, alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, anavua viatu vya kanisani na kuchutama karibu na ukuta wa chumba chao, pale bomba la chuma lilipotokeza kidogo kabla ya kuzama chini ya nyumba. Mkononi ameshika mpini wa jembe ambao jembe lake lilikwisha zamani. Halafu anasema, wala hapazi sauti, "Kimya."

Basi nyumba nzima ilikuwa inakufa ganzi. Mama anafunga koki ya jikoni. Mimi nafunga ya uani. Mdogo wangu Shija, ambaye hakuwahi kukaa tuli hata akiwa amelala, anawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuambiwa asitikisike. Baba anaanza na mita, anaukodolea macho mshale wake mwekundu. Koki zote zimefungwa, kwa hiyo mshale ukisogea hata kidogo, kuna mahali maji yanatoroka. Hapo ndipo anaposimamisha mpini juu ya bomba, anaegesha sikio kwenye ncha ya pili, na kufumba macho.

"Kuna kitu kinanong'ona," alikuwa akisema akisikia jambo. Asiposikia kitu alitabasamu tu.

Mama, jikoni, hakuipenda ibada hii ya pili. "Baba Kabula, ugali unaungua huku," alikuwa akilalamika kwa sauti ya chini. Kabula ndiye mimi. Baba hakufumbua macho. "Uungue, Mama Kabula. Ila uungue kimyakimya."

Na kila mara, Shija alishikwa na kwikwi. Sijui ni hofu au ni yale matobolwa aliyoyabugia kanisani akidhani hatumwoni, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa ambavyo Mama alitufungia kwenye kitambaa. Kwikwi ya kwanza, Baba anakunja uso. Ya pili, mimi najibana mbavu. Ya tatu, Mama mwenyewe anaangua kicheko kule jikoni, na Baba anaweka mpini chini akisema, "Haya, bomba limeshinda leo, tukale." Tulikula ugali wenye ukoko na mlenda wa karanga, Shija akiendelea kukwikwika hadi tonge zinamkwama.

Bomba likivuja kweli, hatukuita mtu. Baba alichimba mwenyewe, akakausha bomba kwa kitambaa, akalizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli akivivuta kwa meno, kisha akafunga waya juu yake. Hata raba za koki alizikata kwenye hiyohiyo tyubu. Mzee Hasanali mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa akimtania kwamba wanaume wawili wa namna yake wangetosha kumfilisi, halafu anampa Shija pipi, naye Shija anaipokea bila kujua nani kashinda. Tukirudi nyumbani tulicheza kombolela hadi jua linazama, na kila aliyejificha nyuma ya nyumba alijua asiguse lile bomba.

Leo wanangu wana vile vidude vyeupe masikioni kutwa kucha. Bomba linaweza kupasuka chini ya miguu yao wakadhani ni sehemu ya wimbo. Siwalaumu sana. Mimi niliolewa Geita, na mume wangu anauza vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo mtaani kwetu hata ungetaka kusikiliza bomba usingesikia kitu zaidi ya mawe yanayosagwa. Shija alihamia Dar es Salaam. Baba alistaafu akiwa na sikio moja tu linalofanya kazi, lilelile la mpini. Akaugua mapafu, na tukamzika kijijini kwao, upande wa Kishapu. Mama alikataa kuondoka mjini. Alisema nyumba haiwezi kuachwa ikijilinda yenyewe.

Maji ya ziwa yalikuwa yamekwishafika Shinyanga. Safi, na yenye nguvu. Tulishangilia kama watoto. Ila mabomba ya chuma ya enzi za Baba hayakuizoea nguvu ile, na mtu wa kuyasikiliza hakuwepo tena.

Kiangazi kilichofuata msiba nilikwenda kumsalimia Mama. Nyie mnajua kiangazi cha kwetu: ardhi inapasuka, majani yanakuwa rangi moja na vumbi, mbuzi wanatafuna hata maboksi. Mama alinishika mkono kabla sijatua mzigo, akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale chini ya ukuta wa chumba chao, mahali hasa Baba alipokuwa akichutama, palikuwa pamestawi matembele mabichi, yenye majani mapana kama viganja, yametanda hadi karibu na choo.

"Nilichomeka vijiti vitatu tu, mayu," alisema. Akiwa na furaha aliniita hivyo, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao na binti zao. "Simwagilii. Tangu aondoke, hapa hapakauki. Baba yako bado anatutunza."

Nilimwamini. Ni nani asingemwamini? Kwetu sisi, kijani kikiota kiangazi hakiulizwi maswali, kinashukuriwa. Majirani walikuwa wanakuja na beseni kuchuma mboga, wanasema, "Wabeja, asante Mama Kabula, huyu mzee hajalala huyu." Mama anawajazia bila kipimo. Nilimwona mara ya kwanza tangu mazishi akila akamaliza sahani. Jioni alikuwa akiweka kigoda chake pale kando ya tuta na kulisimulia habari za mtaa, nani kaolewa, nani kagombana na nani. Bili ya maji ilikuwa inaingia kwenye simu ya Shija, siku hizi hata bili haibishi hodi, naye alilipa bila kuuliza. Alidhani Mama anamwagilia bustani, na alifurahi kwamba amepata kitu cha kumliwaza.

Kisha ukaja ufa. Ulianzia chini ya dirisha la chumba cha Mama, ukapanda ukutani kama mzizi. Mama aliuziba kwa udongo na kuupaka chokaa, ukarudi. Sakafu ikaanza kubonyea upande wa kitanda. Nyumba ile Baba aliijenga kwa tofali mbichi alizozifyatua mwenyewe siku za mapumziko, na tofali mbichi zikinywa maji zinarudi kuwa udongo tu. Habari ziliponifikia Geita nikapanda basi, nikatafuta fundi bomba, nikaja naye nyumbani.

Kijana wa watu alisalimia vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba na kukaribishwa chai. Alifunga koki zote akaangalia mita. Mshale ulikuwa unazunguka. Akatazama matembele, akatutazama sisi, akaomba ruhusa ya kuchimba. Hakuchimba sana. Maji yalikuwa yanabubujika polepole kutoka kwenye bomba lililoliwa na kutu, karibu kabisa na msingi.

"Limevuja muda mrefu hili, mama," alisema. "Lisipofungwa, huu ukuta hauvuki masika. Na wewe unalala upande wa pili."

Mama alisimama akishikilia khanga yake kifuani. Alilitazama shimo, kisha akaniuliza mimi, siyo fundi.

"Kwa hiyo siyo yeye?"

Nilimshika bega, likawa jepesi mno mkononi mwangu.

Akamgeukia fundi. "Mwanangu, huwezi kuliacha livuje kidogo tu? Kidogo, upande huu wa mboga?"

Fundi alicheka, alidhani anataniwa. Aliponiona uso wangu akaacha, akainamia vyombo vyake. Mama aliingia ndani, akatoka na ule mpini wa jembe. Sikujua kwamba bado alikuwa nao. Akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akiwa na khanga yake nzuri, akausimamisha juu ya bomba kama alivyomwona mumewe akifanya Jumapili zote zile, na kuegesha sikio. Yeye ndiye aliyekuwa jikoni siku zote. Hakuwahi kusikiliza hata mara moja.

"Kumbe linanong'ona kweli," alisema. "Nami nilikuwa namlalamikia ugali."

Alisikiliza mpaka magoti yalipomchosha. Tulingoja. Fundi alipotaka kufunga koki kubwa ya kwenye mita, Mama alisema, "Niachie mimi," akaizungusha kwa mkono wake mwenyewe hadi mwisho, na mshale ukasimama. Akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Bomba jipya lilipita mbali na msingi. Ukuta tuliujenga upya, kwa tofali za kuchoma na saruji, Shija akatuma fundi bora. Matembele yalinyauka wiki ileile. Nilimwambia Mama ayamwagilie, maji yapo, koki iko hatua chache tu. Akasema, "Ya kumwagilia siyo yale, mayu." Majirani waliacha kuja na beseni. Sahani yake ilianza kurudi na chakula. Hospitali walituambia hili na lile, presha, uzee, damu kupungua, na nadhani yote yalikuwa kweli. Alitutoka masika yalipoanza, ndani ya chumba ambacho ukuta wake haukuwa na ufa hata mmoja.

Watu huniambia tulifanya vizuri kuwahi. Ni kweli, nyumba tuliiokoa. Ipo, imesimama wima kuliko enzi zetu, na mimi nikipita kwenda mazishini au harusini natua, nafungua madirisha, nafagia vumbi. Juzi ilikuwa Jumapili. Nilizunguka nyuma, nikavua viatu. Mshale wa mita ulikuwa umelala. Nikauchukua ule mpini, nikausimamisha juu ya bomba jipya, nikafumba macho.

Zamani Baba alituomba kimya cha dakika chache tu na tulishindwa kumpa. Sasa kimejaa nyumba nzima, wiki nzima, na hakuna wa kukivunja. Nilikaa pale na sikio kwenye mpini muda mrefu, nikitegea kwikwi ya Shija, nikitegea mtu aniambie ugali unaungua.