Kitufe cha "Baadaye"

Juzi nilipanga foleni kwenye duka la kompyuta pale Maisaka, nyuma ya mama mmoja kutoka kijiji cha Mutuka aliyekuja kumwombea binti yake chuo. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile. Ujumbe ukatokea kwenye kioo: kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kimepitwa na wakati, kisasishwe, tena bure. Dada mwenye duka akabonyeza "Baadaye" bila hata kuutazama. Fomu ikagoma kufunguka.

"Mtandao unasumbua, mama. Njoo kesho."

Nikamuuliza kwa nini hasasishi.

"Kinanichelewesha, mzee. Kila siku kinaniomba, nami kila siku nakiambia baadaye."

Mama alikuwa ameshaanza kufunga vyeti kwenye mfuko wake wa rambo, taratibu, fundo juu ya fundo. "Mwanangu, na jana uliniambia kesho. Kumbe mimi na hicho kidude tunajibiwa jibu moja."

Dada akaurudisha ule ujumbe, akabonyeza "Sasa".

Nimechoka na kesho zetu, wasomaji wangu. Kivinjari kilikuwa tayari, na fomu iko wazi, huku mama bado anahangaika kufungua fundo la kwanza.