Sharti la Kiswahili Tu

Siku ya kwanza nilipoingia gerezani kufundisha, mkuu wa gereza alinisomea masharti, na moja lilinichekesha: nizungumze na mfungwa kwa Kiswahili tu, ili askari aelewe kila neno. Nikamjibu kwamba takwimu, hata kwa Kiswahili, nani anazielewa. Hakucheka.

Mwanafunzi wangu alikuwa mtu wa Mtae, Mshambaa mwenzangu, ameanza kuota mvi, akisomea shahada ya ualimu kwa njia ya masafa. Somo la takwimu lilikuwa limemwangusha mara mbili. Akianguka mara ya tatu, chuo kinamfuta. Kila Alhamisi nilishuka kutoka Magamba na koti langu zito, naye husimama, "Shikamoo, Mwalimu," kisha tunaanza. Alikuwa mbishi. Jibu likimshinda, analaumu swali. Nilimpenda kwa hilo, maana hata mimi ndivyo nilivyo.

Wiki mbili kabla ya mtihani mama yake alifariki. Ndugu zake walikuja nyumbani wakaniomba nikamwambie, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimwona. Kwetu, msiba wa mama, mtu haambiwi kwa lugha ya shule na ofisi. Unakaa naye karibu, unaanza mbali, kwa Kishambaa, taratibu, mpaka anaelewa mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya. Sharti lilinitoka kabisa kichwani.

Askari aliyekuwa zamu, mtu wa Kanda ya Ziwa, alisikia maneno asiyoyajua, kisha akamwona mfungwa ameinuka anaelekea mlangoni. Akapuliza filimbi. Walimchukua, na mimi nikapelekwa kwa mkuu.

Mkuu alinipa karatasi niandike kwa Kiswahili yote niliyosema. Nilianza na salamu, nikakwama. Mwishowe niliandika tu kwamba mama yake amefariki. Aliisoma, akavua kofia.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Lakini si ungemwambia hivi hivi?"

Vipindi vyangu vilisimamishwa, na mada moja tulikuwa hatujaigusa. Nilimkasirikia mkuu, nikamkasirikia askari, nikaishia kujikasirikia mwenyewe. Mtihani aliufanya peke yake, na msiba wake. Akaanguka, na chuo kikamfuta.

Bado inaniuma. Kiswahili cha mwanafunzi wangu yule kilikuwa kizuri kuliko changu. Angenielewa.