Mshono Unakula Ukili

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Msambweni, na kama kuna jambo ninalolijua vizuri ni hili: mtoto akikariri fomula bila kuijua kazi yake, ataisahau kabla hajafika getini. Nililisema wazi mbele ya mwalimu mkuu wetu, naye hakulipenda. Yeye aliamini kwamba mtoto hujua kile alichoambiwa tu. Siku aliponiona nikielekea gredi ya tano na furushi la ukili, ile mikanda ya miyaa iliyosukwa ambayo hushonwa ikawa mkeka, alinisimamisha barazani.

"Mwalimu, hapa ni shule, si kiwanda cha mikeka. Leo nitakaa nyuma ya darasa. Nisipoiona hesabu, kesho utarudi kwenye kitabu, na ukili wako uende nyumbani."

"Karibu sana," nikamwambia. Nilikuwa nimechemka, lakini wasiwasi sikuwa nao.

Kazi tuliyojipa ilikuwa ya kweli. Watoto wa chekechea walikuwa wakikaa kwenye simiti tupu, nasi tulitaka kuwashonea mkeka wa kuenea pembe yao, upana wa mita mbili. Ukili wetu ulikuwa na upana wa sentimita kumi. Nikauliza, tushone mikanda mingapi? Darasa zima likapaza sauti: ishirini! Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa.

Msichana mmoja wa dawati la mwisho, ambaye wenzake walizoea kumwita mzito, akanyoosha mkono.

"Hautafika, mwalimu. Mshono unakula ukili."

Wakamcheka. Nikamwita mbele atuonyeshe, na wale wenye meno nikawaambia wayafiche kwanza.

Alichukua vipande viwili, akapandanisha kingo, akavishona, akaweka rula. Sentimita kumi na tisa. Kicheko kikakatika, likaanza zogo, tena zogo tamu: huyu anasema mishono ni ishirini, yule anasema ni kumi na tisa kwa sababu mkanda wa kwanza hauna wa kushonewa. Wakapiga hesabu, wakaona mkeka ungeishia mita moja na sentimita themanini na moja. Wakaongeza mikanda miwili, pengo likabaki sentimita moja tu, na hapo hakuna mtoto wa kupakalia. Mimi sikugusa chaki. Nilijaa furaha mpaka nikashindwa kuificha.

Mwalimu mkuu akainuka, akamwendea yule msichana.

"Nani aliyekwambia kwamba mshono unakula?"

Msichana akainamisha kichwa, akidhani amekosa.

"Hakuna aliyeniambia, mwalimu. Nimefikiri."

Mwalimu mkuu aliupitisha mkono juu ya ule mshono, taratibu, kisha akanigeukia akaniuliza kama nina ukili wa kutosha mikanda ishirini na miwili.