Mlio wa Kila Kona

Mimi nauza spea za magari Kariakoo, kwa hiyo gari langu lilipoanza kulia "ko! ko!" kila nikikata kona, nilijifanya bingwa. "Ni joint ya mbele, Mama," nikamwambia mama mkwe, niliyekuwa nampeleka kliniki Upanga. "Ikikatika, tairi linachomoka."

Sijui kwa nini nilisema. Mama alishika mlango kwa mikono miwili, akaanza dua. Hata mimi roho ilikuwa juu. Kona kali nikazikwepa, tukazunguka mtaa mmoja mara tatu, mwisho nikakimbilia kwa fundi.

Nikampa fundi mhadhara mrefu. Akanisikiliza, akaendesha mzunguko mmoja, akashuka, akafungua buti.

Mchi wa kinu, mnene kama mguu wangu, ulikuwa umelala humo peke yake.

Ni wa Mama. Mke wangu aliuazima atwangie viungo vya pilau, nikatumwa kuurudisha, nikasahau. Mama alipouulizia, niliapa kabisa kwamba niliuacha mlangoni kwake.

Mama alishuka, akauangalia mchi, akaniangalia mimi.

"Baba Nasra, Mama Rehema wa mlango wa pili simsalimii wiki ya tatu sasa. Nimemwita mwizi mbele ya watu."

Nikanyoosha mkono nifunge buti.

"Kliniki baadaye," akasema. "Tunaenda kwa Mama Rehema. Mchi utaubeba wewe begani, na hodi utapiga wewe."